Kutembea kwa Miguu Sokoke, Gede na Mida: Jinsi ya Kupanga Siku kwa Maji na Jua

Wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi huuona msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia dirisha la matatu tu. Baada ya kuupita mji wa Kilifi, miti huandamana na gari upande wa kushoto kwa kilomita nyingi, kisha hutokea mji mdogo wa Gede, na msitu umekwisha. Upande wa kulia, nyuma ya minazi na mikorosho, iko hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambayo ukiwa barabarani huidhanii kabisa. Msitu huo, hori hiyo na magofu ya mji wa kale wa Gede vimekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kuvitembelea vyote kwa siku moja bila haraka, na njia zake ni tambarare. Hakuna mlima wa kupanda wala jabali la kuparamia. Nimewahi kuzipita njia hizi pamoja na shangazi yangu mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini na mtoto wa miaka sita, na wote wawili walifika jioni wakiwa na nguvu ya kuzungumza.

Hata hivyo, nimeona watu wengi wakirudi kutoka huko wamevunjika moyo, wakisema kwamba msitu ulikuwa kimya na hori ilikuwa tope tupu. Mara nyingi walikwenda mahali panapofaa kwa saa isiyofaa: waliingia msituni adhuhuri, wakafika Mida maji yakiwa yamekupwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na saa, na njia zenyewe zitafuata.

Hatua ya kwanza: hesabu siku za mwezi

Kabla ya kuchagua tarehe, tazama mwezi uko siku ya ngapi. Kanuni ninayoitumia ni hii: siku mwezi unapoandama na siku unapokuwa mpevu, maji katika pwani ya Kilifi hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, na ifikapo siku ya nane au ya tisa ya mwezi mambo yamepinduka: maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hupwa alasiri. Ndani ya hori ya Mida kila kitu huchelewa kidogo, kwa sababu maji hulazimika kupita kwenye mlango mwembamba kabla ya kuenea ndani. Anayetaka uhakika zaidi atumie jedwali la maji linalochapishwa na Halmashauri ya Bandari za Kenya, au amuulize mvuvi yeyote wa Mida, ambaye atamjibu bila kutazama karatasi.

Ukishajua hayo, panga siku yako hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwandamo na zile zinazofuata mwezi mpevu, anza na msitu mapambazuko, nenda Gede kabla ya adhuhuri, pumzika jua linapokuwa kali, kisha ufike Mida mnamo saa tisa alasiri maji yakiwa yanapanda. Wakati wa maji mafu, yaani karibu na siku ya nane au ya tisa ya mwezi, pindua mpango huo: ingia Mida saa mbili asubuhi maji yakiwa yanajaa, nenda Gede katikati ya mchana, na uingie msituni kuanzia saa tisa alasiri hadi karibu na machweo. Gede hubaki katikati katika mipango yote miwili kwa sababu ya kivuli chake. Miti mikubwa imeota ndani ya nyumba na juu ya kuta za mji ule, kwa hiyo hata jua la saa sita huwafikia watembeaji likiwa limechujwa.

Kuhusu majira, miezi ya Aprili, Mei na Juni ndiyo yenye mvua nyingi, na njia za msituni hushika maji na mbu huongezeka. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ardhi ni kavu lakini joto ni kali, na majani mengi ya msituni huwa yamepukutika. Mimi napendelea Agosti na Septemba, kwa kuwa upepo wa kusi bado unapoza hewa na ndege wahamiaji kutoka kaskazini wameanza kurejea Mida, ambako watakaa hadi Aprili.

Hatua ya pili: jiandae kwa mchanga, siafu na chumvi

Vaa viatu vya kufunika mguu wote ambavyo umekwisha kuvizoea, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia za msituni ni mchanga laini, na kiatu kipya hutoa malengelenge kabla hujatembea nusu saa. Vaa suruali ndefu na uchomeke miguu ya suruali ndani ya soksi. Jambo hili watu hulipuuza hadi wanapokanyaga mstari wa siafu au wanapowatoa kupe mwilini usiku. Rangi ya nguo iwe ya udongo au ya majani. Nyeupe humshtua mnyama kutoka mbali.

Chukua maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu mzima, kwa maana ndani ya msitu hakuna mahali pa kununua. Wanawake wengi wa pwani hubeba leso moja ya ziada, nami nawashauri wageni wote waige: hutandikwa chini wakati wa kupumzika, hujifungwa juu ya nguo fupi unapopita vijijini Mida, ambako wengi wa wenyeji ni Waislamu na Wagiriama wanaothamini stara, na humfunika mtoto jua linapozidi. Ukiwa na darubini ndogo, ibebe. Ukiwa huna, waongozaji wengi wanazo na huwaazima wageni wao kwa muda.

Hatua ya tatu: fika, lipa, na utafute mwongozaji

Kutoka Mombasa, panda matatu ya Malindi na umwambie utingo akushushe Gede, safari ya zaidi kidogo ya kilomita mia moja. Kutoka Malindi ni mwendo mfupi, kama kilomita kumi na tano hivi. Ofisi ya msitu na lango la wageni viko kusini kidogo mwa njia panda ya Gede, kando ya barabara kuu, kwa hiyo anayetoka Mombasa anaweza kushukia hapohapo. Kati ya lango, magofu na hori, tumia tuktuk au bodaboda, na upatane nauli kabla ya kupanda.

Msitu husimamiwa kwa pamoja na Huduma ya Misitu na Huduma ya Wanyamapori za Kenya, ilhali magofu yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Malipo ya taasisi hizi siku hizi hupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hiyo fungua akaunti na ulipe ukiwa bado nyumbani, penye mawasiliano mazuri. Niliwahi kusimama langoni karibu saa nzima nikihangaika na simu isiyoshika mtandao huku jua likipanda, na saa ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote za msituni. Beba pia fedha taslimu kiasi kwa ajili ya mwongozaji na kwa ajili ya huduma za wanakijiji.

Mwongozaji si lazima katika magofu, ila anafaa sana. Msituni naona ni wa lazima, hata kwa mtu aliyekwisha kwenda mara mbili tatu. Kwanza, Arabuko-Sokoke ina tembo, na ingawa kwa kawaida hukaa mbali na njia fupi za upande wa mashariki, ni mwenyeji tu anayejua walilala wapi jana. Pili, njia hufanana, na msitu huu si bustani: una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake, yaani misitu mikavu ya pwani, katika Afrika Mashariki. Tatu, wanyama wa hapa ni wadogo na wenye haya, na bila jicho lililozoea utawapita wote. Waongozaji wenyeji hupatikana langoni. Mpigie mmoja siku moja kabla, umweleze umri wa watu ulio nao na mwendo mnaouweza, ili naye achague njia inayowafaa.

Msituni: tembea polepole kuliko unavyodhani

Kwa matembezi mepesi, usipange umbali. Panga saa mbili. Tembea saa moja kwenda ndani na saa moja kurudi, au zunguka njia fupi ya matembezi iliyo karibu na lango. Kwa mwendo wa kusimama na kusikiliza, muda huo hautakupeleka zaidi ya kilomita tatu, na hiyo inatosha kabisa.

Karibu na lango utakuwa katika msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi na misandarusi, miti ambayo historia ya pwani imejengwa juu yake: mbambakofi umetoa milango na samani, na sandarusi, utomvu mgumu kama kioo, ilikuwa bidhaa ya majahazi kwa vizazi vingi. Ukienda ndani zaidi mchanga hugeuka mweupe, miti huachana, na mwanga hufika chini. Hapo umeingia katika msitu wa miti iitwayo mirihi. Upande wa magharibi kabisa, penye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito ambamo huishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1965 na ambaye mtu mzima anaweza kumfunika kwa viganja viwili. Kumfikia kunahitaji gari na mwongozaji anayejua tawi analolalia mchana, kwa hiyo kwa siku ya kwanza sishauri.

Mtafute badala yake sange mwenye kiuno cha dhahabu, kwani yeye yuko njiani kwako. Ni mnyama mwenye uzito wa nusu kilo hivi, mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama ya paa mdogo, na matako yenye manjano ya kung'aa kana kwamba amekalia rangi mbichi. Karibu sange wote wa aina hii waliopo duniani wanaishi katika msitu huu. Huishi wawili wawili, dume na jike wakilinda eneo lao, na hujijengea viota kadhaa vya majani makavu ardhini ili adui asijue watalala kipi.

Ili kumwona, fanya hivi. Chagua sehemu ya njia yenye majani mengi yaliyoanguka na kivuli kizito, ambapo jua bado ni jipya. Simama, usiketi, na usitoe sauti kwa dakika kumi kamili. Sikiliza majani: ndege akichakura hutoa mchakato mfupi na kunyamaza, lakini sange huchakura kwa kuendelea, akisogea. Ukisikia mpigo wa mkia juu ya majani, ujue amekwisha kukuona na ana wasiwasi. Usisogee hata hatua. Akitimka, utaona ile manjano ikirukaruka mbali. Mara nyingi hurudi baada ya muda, kwa maana eneo lile ni nyumbani kwake na hana pa kwenda. Yule mtoto wa miaka sita aliyekuwa nasi alifaulu jambo hili kuliko watu wazima, kwa sababu tulimpa kazi ya kuhesabu mipigo.

Kaa ndani ya njia wakati wote, uangalie unapoweka mkono kabla ya kushika gogo, na usivunje tawi kwa kujiegemeza, kwani nyoka wa kijani hupumzika juu ya vichaka. Ukikuta kinyesi kibichi cha tembo, rudini kimyakimya kwa njia mliyojia. Mwongozaji atawaambia hivyo hivyo, msimbishie.

Gede: mji uliomezwa na miti

Magofu yako ndani ya mji wa Gede wa leo, kando ya barabara ya kwenda Watamu, na njia zake ni za udongo ulioshindiliwa, pana, zinazofaa hata kwa mtu anayetumia fimbo. Panga saa moja na nusu. Mvua ikiwa imenyesha, angalia mizizi na mawe ya matumbawe, kwa maana huteleza sana.

Mji huu wa Waswahili ulikuwapo tangu yapata karne ya 12, ukastawi sana katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Uchimbaji mkubwa ulifanywa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Anzia kwenye kaburi lenye tarehe, ambalo limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 ya Miladi, kwa kuwa tarehe hiyo moja hukupa pa kusimama unapotazama kila kitu kingine. Kisha ingia msikiti mkuu, utazame kibla na kisima cha kutawadhia, halafu uendelee hadi kwenye jumba la kifalme na nyumba zilizoko karibu nalo. Nyumba hizo zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake, kama vile kauri, mkasi na taa ya chuma. Vyombo vya udongo mweupe kutoka China na shanga kutoka Venice vilipatikana hapa, katika mji uliokuwa kilomita kadhaa kutoka ufukweni.

Usikimbilie jumba peke yake. Tazama visima. Wapo wanaoamini kwamba kupungua kwa maji ya visima hivyo kulichangia watu kuhama, pamoja na mashambulizi ya maadui na kudhoofika kwa biashara ya upande huo. Ukiinama juu ya kisima kirefu kilichokauka, hoja hiyo huielewa kwa mwili. Halafu, ikiwa miguu bado ina nguvu, fuata njia inayozunguka kando ya ukuta wa nje, ambako wageni wachache hufika, na ambako kima hucheza juu ya mibuyu na mikwaju. Chakula kifiche ndani ya mfuko uliofungwa. Kima wa Gede wanaijua ndizi hata ikiwa ndani ya karatasi.

Ndani ya uwanja huohuo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo familia zinazoishi kandokando ya msitu hufuga viwavi, na vipepeo, wakiwa bado ndani ya magamba yao, huuzwa kwa nyumba za maonyesho ng'ambo. Pita utazame hata kwa robo saa. Aliyetoka msituni asubuhi hiyo ataelewa kwa nini mwanakijiji mwenye kipato kutokana na vipepeo hawezi kufurahia kuona mti wao ukikatwa.

Mida: fika kabla ya maji

Kutoka barabara kuu, shika njia ya vumbi inayoelekea baharini katika kijiji cha Mida hadi penye daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu mita 260, lilijengwa kwa ushirikiano wa wanakijiji na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na ada ya wageni husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi karibu na msitu na hori. Lipa ada hiyo bila kuomba kupunguziwa.

Uliza kwanza hali ya mbao, kwa maana chumvi huzila na matengenezo hayaishi. Daraja hutikisika, kwa hiyo mzee atangulie na mwenzake afuate nyuma yake hatua chache, wasiende wengi pamoja. Shangazi alisita pale mwanzo, akavua viatu ili mguu ushike mbao, na baada ya hapo hakusimama tena.

Ukiwa juu ya daraja, tazama mizizi. Mkoko wenyewe una mizizi ya matao kama miguu ya buibui, na ndio uliotoa boriti za kuezekea nyumba za mawe kuanzia Lamu hadi Uarabuni. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hutoa vijiti vingi wima kutoka kwenye tope, ambavyo mti hupumulia maji yanapofunika shina lake. Kati ya mizizi hiyo kaa wenye gando moja kubwa wanapunga, na kila mawimbi madogo yanapofika huingia mashimoni mwao mmoja baada ya mwingine.

Mwisho wa daraja kuna kibanda cha kutazamia ndege. Hapa ndipo saa uliyoihesabu mwanzoni inapolipa. Maji yakiwa mbali, ndege wako mbali pia, vidoa tu juu ya tope. Yakiisha kujaa, wamekwisha kuruka kwenda kulala. Bali yanapopanda, tope hupungua na ndege husogezwa karibu nawe hatua kwa hatua, heroe wakiwa nyuma na wadogo mbele. Mtafute ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu, alaye kaa. Yeye hutaga katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba na Somalia, kisha huja kwetu, na Mida ni mojawapo ya mahali pazuri zaidi Kenya pa kumwona kwa makundi.

Keti, usinyooshe mkono nje ya kibanda, na subiri. Tope la mwisho litakapofunikwa, kundi zima litainuka kwa pamoja, ligeuke mara moja likiwa jeupe, mara moja likiwa jeusi, na kuelekea upande wa pili wa hori. Anza kurudi wakati huo. Kama ni jioni, hakikisha umekwisha kumwambia mwendesha tuktuk akungoje penye mwisho wa njia ya vumbi, kwani giza huingia mara baada ya saa kumi na mbili na nusu, na kutoka hapo hadi barabara kuu si rahisi kupata chombo kingine.